Gakii Aliyekuwa Ulimi wa Mama

Kila asubuhi Gakii alivuta dawa yake ya pumu, akamaliza uji, ndipo akapanda basi la shule pale Scarborough, ugenini walikohamia na mama kutoka Meru. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akikohoa, Cyprian wa kiti cha nyuma alimcheka, "Treni imefika! Ijumaa kwenye mbio za shule utakimbia nasi, au utatubebea maji?"

Gakii alitaka sana kukimbia. Ndiyo maana alifurahi mama aliposikia habari za daktari anayetibu pumu kwa kudunga matone ya dawa mgongoni, kwenye sehemu zilezile ambazo waganga wa Kichina huchoma sindano zao nyembamba.

Jumamosi wakaenda. Kiingereza kilimpiga mama chenga, hivyo Gakii akawa mkalimani, kama kawaida.

"Kuna dawa iliyowahi kumdhuru?" daktari aliuliza. "Hii ina ganzi kidogo."

Gakii akakumbuka. Alipong'olewa jino kule Meru, ganzi ilimvimbisha midomo, koo likabana, nusura afe. Lakini akisema, atarudishwa nyumbani bila kuchomwa sindano.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anauliza kama nimekula."

"Mwambie umekunywa uji, bakuli zima!"

Gakii akamgeukia daktari. "Mama anasema hakuna."

Sindano ikajazwa. Mgongo ukapanguswa kwa pamba baridi. Mama akamshika mkono. "Usiogope, mwanangu. Maadamu umemweleza yote, mimi nina amani."

Gakii akashindwa kuvumilia. "Mama, nimedanganya! Hiyo dawa ina ganzi!"

"Ngai! Mungu wangu!" Mama akaruka, akakinga mgongo wa mwanawe kwa mikono miwili. Gakii akamweleza daktari ukweli huku akilia. Daktari akaiweka sindano chini papo hapo. "Leo hachomwi," alisema. "Mpeleke kwanza kwa daktari wake wa kila siku."

Jumatatu daktari huyo wa kila siku alimbadilishia dawa ya kuvuta, akamruhusu akimbie bila kujilazimisha. Ijumaa, kwenye mbio, Gakii akawa wa tano. Cyprian akawa wa sita.

"Leo nani treni?" Gakii alimuuliza akihema.

Mama, aliyekuja kutazama mbio, akacheka, akamfunika koti. Kisha akamshika kidevu. "Sikia, Gakii. Huku ugenini wewe ndiwe ulimi wangu. Ulimi ukidanganya mbele ya daktari, anayezikwa ni mwili. Na mimi nimekoma: siku nyingine ya sindano, tutaenda na mkalimani mtu mzima."