Sauti Iliyoita Peke Yake

Wiki ya kukamua miwa, nyumbani kwa akina Yurani hakukuwa na mtu wa kujinyoosha kitandani. Kabla jogoo hajawika, baba yake, Evelio, alikuwa amekwisha kugonga kila mlango kwa mpini wa panga. Mama yake, Amparo, aliwasha moto chini ya makarai. Mdogo wake, Arley, alianza kukokota makapi ya jana. Yurani mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minne, alitoka akipepesuka, kikombe cha maji moto ya sukari guru mkononi, nywele hazijaonja kitana, akaenda kumfunga Paloma kwenye boriti.

Paloma alikuwa nyumbu wao, mzao wa punda na farasi, mwenye masikio marefu na subira kubwa kuliko watu wengi wa kijiji cha La Laja. Alizunguka siku nzima akivuta boriti, na kwa kuzunguka kwake magogo matatu ya chuma katikati ya kinu yalisagana. Baba aliketi hapo katikati akiyalisha miwa kwa mikono yake. Maji ya miwa yalitiririka kwa mfereji hadi makaraini, yakachemshwa mpaka yakawa sukari guru. Jirani zao wengi walikuwa wamekwisha kununua injini, ila wao bado walikuwa na Paloma.

Kazi ya Yurani ilikuwa kumwendesha akiwa amekaa juu ya boriti, na kazi hiyo ilikuwa na sheria moja iliyotoka kwa babu wa babu: mwendeshaji hanyamazi. Mlishaji wa kinu hawezi kugeuka nyuma, kwa kuwa macho yake yako kwenye chuma. Kwa hiyo anasikiliza. Maadamu mwendeshaji anaita, mlishaji anajua kuna mtu aliye macho, atakayemsimamisha mnyama mara moja kukitokea jambo. Sauti ikikatika, anaondoa mikono, hata kama muwa umeingia nusu.

"Sauti yako ndiyo macho yangu ya kisogoni," baba alizoea kumwambia. "Ukichoka, we nyamaza tu. Sitakugombeza. Ukinyamaza natoa mikono, tunapumzika wote."

"Arre, Paloma! Arreee!" Yurani aliita basi ili nyumbu aende, raundi baada ya raundi, huku kope zikimwangukia.

Tatizo halikuwa kinu peke yake. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amenunuliwa simu ili afanyie kazi za shule. Mtandao wa La Laja ulitoka kwenye mnara mmoja tu uliokuwa shuleni, na mchana watu wakiung'ang'ania wote ulikuwa ukitambaa kama konokono. Wazee wakishalala, ulikimbia. Hapo ndipo dunia nzima ilipoingia chini ya blanketi la Yurani: video za kuchekesha, nyimbo, na umbea usiokwisha wa binamu yake Dayana aliyekaa mjini Bucaramanga. Kila usiku alijiambia moja tu ya mwisho, na ya mwisho ikazaa nyingine. Jogoo alimkuta hajalala hata usingizi wa paka.

Dalili zilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye. Alimfokea Arley kwa kijiko kilichoanguka. Alisahau hesabu alizokuwa akizifanya kwa mchezo. Siku moja alisinzia darasani, paji la uso likagonga dawati.

"Yurani, unalala au unasali?" Mwalimu Nubia aliuliza, na darasa likaangua kicheko. Lakini baada ya kipindi alimwita pembeni, naye hakuwa akicheka tena. "Binti yangu, unalala saa ngapi?"

"Nalala, Mwalimu. Mapema tu."

"Macho yako hayasemi hivyo. Mwili unaokua ukinyimwa usingizi, utauiba wenyewe, na hautachagua mahali pa kuuiba."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu, na moyoni akasema usingizi ni wa wazee.

Wiki ya kukamua ilipofika, alimlalamikia Dayana kwenye simu.

"Eti unamwimbia nyumbu siku nzima?" Dayana alicheka mpaka akakohoa. "Si ujirekodi, we mshamba, halafu ukae zako!"

"Baba ataniua."

"Atajuaje? Si umesema hageuki nyuma?"

Yurani alicheka pia. Lakini maneno hayo yalimkaa. Kesho yake alijificha nyuma ya rundo la miwa, akairekodi sauti yake ikiita vizuri, kwa pumzi na kwa mapumziko, akaipanga ijirudie. Alikuwa na kispika kidogo alichopewa siku ya kuzaliwa. Akakifunga kwenye gunia chini ya mahali alipokalia boriti, akakisikiliza katikati ya kelele za chuma, akajipongeza kwa akili yake. Siku ya kwanza hakuna aliyegutuka. Arley alimsifu kwamba leo hakohoi.

Siku ya pili, jua la asubuhi lilikuwa limeanza kupasha migongo. Harufu ya maji ya miwa ilijaa uwanjani, boriti ilimbembeleza kama mtoto mgongoni, na chini yake sauti yake ilikuwa ikifanya kazi bila yeye. Alifumba macho apumzike kidogo tu. Usingizi haukumwomba ruhusa.

Muwa mmoja wenye fundo ulikwama kati ya magogo. Baba aliusukuma, fundo likanasa mkono wa shati lake, na chuma kikaanza kuvuta.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Yurani, simamisha!"

"Arre, Paloma! Arreee!" ilijibu sauti ya Yurani, changamfu kabisa.

Paloma alisimama nusu hatua, masikio yakaenda mbele yakarudi nyuma. Tangu azaliwe alikuwa amefundishwa kumtii mwendeshaji wake na kelele za mtu mwingine aziache. Mwendeshaji alikuwa akimwambia nenda. Akaenda.

Mama ndiye aliyemzuia. Alitupa upawa, akaruka juu ya mfereji, akaning'inia kwenye hatamu kwa uzito wake wote. Boriti ilisita kwa kishindo, Yurani akaporomoka juu ya makapi. Alipofumbua macho alimwona baba yake amepiga magoti, na maji ya miwa mferejini yamegeuka mekundu. Huku mama akipiga ukunga, mkono wa Yurani uliingia kwenye gunia na kuizima sauti. Mkono ulifanya hivyo kabla yeye hajafikiri. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye kuliko yote.

Hospitali ya mjini iliuokoa mkono wa kulia, lakini vidole vitatu havikuokoka.

Mjomba Saúl, kaka wa mama, alikuja kushika kazi za nyumbani. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na uamuzi wa haraka. Jioni ile majirani walijaa jikoni, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

"Mtoto alikuwa anaita, nilimsikia kwa masikio yangu kutoka shambani kwangu," alisema jirani mmoja.

"Hata mimi nilimsikia," mama alisema, macho yamevimba. "Hakunyamaza hata kidogo."

"Basi ni huyo mnyama," Mjomba Saúl alikata shauri. "Nyumbu akishakuwa kaidi hatibiki. Jumapili namleta mtu wa soseji amchukue akamchinje. Na wewe, mwanangu, acha kulia. Huna kosa hata chembe."

Yurani alilia zaidi, na watu wakamwona ana moyo mwema.

Walipokwenda kumtazama hospitalini ilikuwa vibaya zaidi. Baba alikuwa amepauka, mkono umefungwa bandeji kubwa kama boga. Alimshika Yurani kwa mkono wa kushoto.

"Nilikuwa nakusikia, mwanangu," alisema taratibu. "Mpaka mwisho nilikuwa nakusikia. Kwa hiyo usije ukajilaumu. Ulifanya kazi yako."

Siku hizo Yurani alikuwa ameitupa simu chini ya kitanda wala haigusi, na bado usingizi ulimkataa. Kila alipofumba macho alisikia ile sauti yake changamfu ikimwambia Paloma aende. Alijichukia.

Jumapili baba aliruhusiwa kurudi nyumbani, akifuatana na Rubiela, muuguzi wa zahanati ya kijiji, aliyekuja ili ambadilishie bandeji nyumbani. Walimkuta mtu wa soseji amekwisha kufika. Gari lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, mlango uko wazi, na Mjomba Saúl alikuwa akimvuta Paloma, ambaye aliganda uwanjani kwa miguu yote minne.

"Mnaona ukaidi?" Mjomba alihema. "Nisukumieni huyu!"

"Mwache!" Yurani alisema.

"Toka hapo, mwanangu, asije akakupiga teke."

"Si yeye, Mjomba. Ni mimi."

Alikuwa amekwenda kuitoa simu chini ya kitanda, na kispika. Hakujiamini kwamba angeweza kueleza, kwa hiyo hakueleza. Aliviweka vyote viwili juu ya jiwe la kinu, akabonyeza, akarudi nyuma, mdomo wake umefungwa mbele ya watu wote.

"Arre, Paloma! Arreee!"

Paloma alinyanyua masikio. Akaachana na gari, akaipokonya kamba mikononi mwa Mjomba, akaanza kuzunguka. Hakuwa amefungwa boriti wala hakuwa na mtu nyuma yake. Alizunguka kinu kilichokufa, raundi baada ya raundi, kwenye njia ile ile iliyochimbwa na kwato zake, akiitii sauti isiyo na mtu. Mama alifunika uso kwa aproni.

Baba alisikiliza mpaka Yurani mwenyewe alipoizima.

"Ndiyo hiyo," baba alisema. "Ndiyo niliyokuwa naisikia."

"Nililala, Baba. Nilikuwa silali usiku, nachezea simu. Nikaona nirekodi ili nipumzike mchana. Nisamehe, Baba. Nisamehe."

"Ungenyamaza tu," baba alisema, na sauti yake ilivunjika. "Si nilikwambia? Ungelala, ukanyamaza, ningetoa mikono."

Aligeuka akaingia ndani. Mtu wa soseji alifunga mlango wa gari lake akaondoka, na Mjomba Saúl alikaa juu ya rundo la miwa.

Jikoni, Rubiela alifungua bandeji. Yurani alijilazimisha kutazama.

"Wengi wanadhani kijana anayesinzia ni mvivu," muuguzi alisema bila kuinua kichwa. "Sivyo. Umri huu usingizi wenyewe huchelewa kuja, ndivyo mwili ulivyo. Halafu simu inauchelewesha zaidi, na kazi inamwamsha alfajiri. Mtoto wa umri wake anahitaji saa nane, hata kumi. Akizikosa, hasira, usahaulifu, mwisho ubongo unajizima wenyewe, awe darasani, awe barabarani, awe kwenye boriti."

"Basi na mimi nina changu," baba alisema. "Nimekuwa nikigonga milango kwa panga na kujisifu kwamba wanangu hawalali. Kuanzia sasa jua ndilo litakaloamsha watoto katika nyumba hii, na hakuna mtoto atakayekaa kwenye boriti. Saúl atalisha kinu. Nitakayeita ni mimi, koo langu bado zima." Kisha akamtazama binti yake. "Sikiliza, Yurani. Kusema kweli umemwokoa Paloma, na hilo sitalisahau. Lakini vidole vyangu havirudi hata ulie mwaka mzima. Usingizi wako ndio unaorudi kila jioni. Ukija, upokee. Mtu anayeunyima mwili wake usingizi hajidhulumu peke yake, anamdhulumu na yule anayemwamini kwamba yuko macho."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Yurani aliamka na jua, akamfunga baba yake vifungo vya shati, kimoja kimoja, kwa kuwa mkono ule haukuviweza tena. Na kila jioni, sahani zikishaoshwa, baba alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza. Yurani aliweka simu kiganjani mwake, akamtakia usiku mwema, akaenda kulala.