Nilinyamaza, Rehema Akakosa Safari

Nina miaka ishirini na mitatu, nauza vitenge Tunduma. Wateja wakinisifu kwamba napiga hesabu kichwani, nacheka nao, lakini moyoni naona aibu...

Kwetu ni Iyula. Darasa la saba nilifeli, na kurudia hakuruhusiwi. Basi baba akanihamishia shule ya Nanyala, nikaingia darasa la sita kwa jina la Atupele, binti aliyeacha shule akaenda Zambia kwa dada yake. Ni wangapi wamesoma kwa jina la mtu? Wengi tu! Mimi Skola nikawa Atupele, nikafaulu, nikaenda sekondari.

Huko hesabu zikanikubali, jamani! Kidato cha tatu nikashinda mchujo wa kwenda nje ya nchi kwenye mashindano ya kimataifa ya hesabu. Mkoa mzima nafasi moja! Rehema, rafiki yangu tuliyelala kitanda kimoja bwenini, yeye juu mimi chini, akawa wa akiba. Alinishangilia kuliko wote.

Mwalimu akataka cheti changu cha kuzaliwa, cha kuombea pasipoti. Cheti kiliandikwa Skola! Nikamwambia baba kasafiri. Wiki iliyofuata nikasema kimefungiwa kabatini. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kuchekwa. Sikujua kama namwumiza mtu... hapana, nisidanganye tena! Nilijua fika kwamba nikijitoa mapema, Rehema ataenda.

Mwishowe mwalimu akaenda Iyula mwenyewe. Alimkuta mama anaanika kahawa, akamwambia amefuata cheti cha Atupele. Mama, maskini, akasahau kwamba shuleni naitwa Atupele.

"Mwalimu, Atupele si wa hapa," akamjibu. "Wangu anaitwa Skola."

Palepale mwalimu akawapigia simu waandaaji, akaomba Rehema aende badala yangu. Akaambiwa majina yamefungwa juzi. Juzi!

Rehema hakunitukana. Alikaa kitandani kwangu, akasema, "Ungeniambia hata mimi tu, mwenzangu, ningekutunzia siri." Wiki ile niliacha shule bila kufukuzwa na mtu.

Wazazi, msimsomeshe mtoto kwa jina la mwenzake, nawasihi! Na wewe mwanafunzi unayeficha jambo, liseme leo, usije ukamzibia mwenzako njia.

Rehema sasa anafundisha hesabu hapahapa Tunduma. Juzi alisimama kwenye meza yangu, akashika kitenge, akaita mwenye biashara. Nilijibana nyuma ya marobota, nikamwacha aite mpaka akachoka, akaondoka.