Ngozi Iliyojazwa

Ilianza na blauzi.

Tryphosa Nabalayo alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo, mjini Eldoret, akimweleza mteja jinsi ya kumnywesha mbuzi dawa ya minyoo, alipohisi kitu cha uvuguvugu kikimtambaa tumboni. Akatazama chini. Upande wa kushoto wa blauzi yake ya kijani palikuwa na doa dogo, nalo lilikuwa linakua.

Akadhani ni usaha. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu afanyiwe upasuaji wa kuongeza matiti, na daktari alikuwa amemwonya juu ya usaha. Alikimbilia chooni, akafungua vifungo, akagusa pale palipolowa, akanusa kidole.

Yalikuwa maziwa.

Binti yake Naomi alikuwa tayari gredi ya pili, na alikuwa ameacha kunyonya zamani. Aliyemfuata Naomi hakuwahi kunyonya. Alizaliwa kabla ya siku zake, akaishi siku nne katika kisanduku cha kioo hospitalini, mrija puani, mikono yake imefungwa vitambaa asiung'oe. Tryphosa hakuruhusiwa kumbeba. Alikufa saa tisa alasiri. Mume wake Maurice alimzika peke yake kwenye shamba la kaka yake huko Turbo, huku Tryphosa akiwa bado wodini, amepewa vidonge vya kukausha maziwa. Mtoto alizikwa kabla hajapewa jina. Miaka miwili sasa, Tryphosa hakuwahi kwenda kuliona hilo kaburi.

Alipotoka chooni saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika mbili.

"Umemwagikiwa na nini?" aliuliza Linah, mwenzake wa kaunta.

Tryphosa akamnong'oneza. Linah akaziba mdomo asicheke.

"Wee! Kumbe walikufanya ng'ombe wa gredi! Sasa chai ya hapa dukani imepata mwenyewe."

"Linah, si mchezo. Wewe hujaona kitu?"

"Mimi? Mimi niko sawa kabisa." Linah akajitazama kifuani, akatabasamu. "Na nyamaza basi, watu watasikia."

Walikuwa wamekwenda Nairobi pamoja, kwenye kliniki moja, siku moja, wakamdanganya mwenye duka kwamba wamefiwa. Tryphosa alitaka kurudishiwa kilichokauka pamoja na yule mtoto. Kila alipooga alikuwa akigeuzia kioo mgongo. Linah alitaka tu gauni lake la harusi limkae vizuri. Mwezi wa nane alikuwa aolewe na Nicanor, mtoto wa mchungaji, na huyo Nicanor hakujua kitu. Kwenye basi la kurudi Linah alimshika Tryphosa mkono akamwapisha: hata wakuchome moto, mimi sikwenda. Tryphosa akaapa.

Daktari aliyemwona Eldoret alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alimpima, akamwambia asiogope.

"Hutokea mara chache. Mishipa ya hapo ikichokozwa, mwili unadhani kuna mtoto."

"Lakini hakuna mtoto, daktari."

"Ndiyo. Lakini mwili haujui."

Akampa dawa. Maziwa hayakukoma. Yalikuja kila siku saa tisa, titi la kushoto peke yake, kisha titi lenyewe likaanza kuwa gumu kama embe bichi, likapanda juu, likawa na moto. Daktari akasema mwili umejenga ukuta kuuzunguka ule mfuko wa silikoni, na ukuta unabana, na ndani yake kuna uambukizo. Afadhali mifuko itolewe mapema, kabla sumu haijaingia kwenye damu.

"Nipe dawa kwanza," alisema Tryphosa. "Tafadhali. Nipe wiki mbili."

Kwa sababu siku hizi alikuwa anaoga akikitazama kioo.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupumzika. Nyumba yao ya Munyaka ilikuwa kimya, Naomi yuko shule, majirani wako kazini. Mvua ya alasiri ilikuwa inajikusanya, na baridi ile ya Eldoret ilikuwa imeshaingia chini ya mlango. Tryphosa alijilaza kwenye kochi akiwa na homa, shuka hadi kidevuni. Kwanza ikaja harufu: maziwa yaliyochacha, poda ya mtoto, na nyuma yake spiriti ya hospitali. Kisha titi likashtuka.

Akasikia kunyonya.

Hakuwa amelala, hilo alikuwa na hakika nalo, maana alikuwa anaona pazia na kalenda na viatu vya Naomi karibu na mlango, na bado alisikia wazi kabisa, karibu kuliko pumzi yake mwenyewe, midomo midogo ikivuta, ikimeza, ikipumzika, ikivuta tena, na kila ilipovuta kulikuwa na uzi ndani ya kifua chake uliovutika hadi kwenye mfupa wa mgongo, naye akataka kupiga kelele lakini akaogopa, si kwamba atasikiwa, bali kwamba atamshtua. Kisha kile kitu kikapaliwa, kikakohoa kikohozi kidogo kama cha paka, na kabla hajafikiri mkono wake wa kushoto ukajikunja wenyewe, kiwiko kikainuka, kikashika uzito usioonekana, na kumeza kukaendelea vizuri.

Mvua ilipoanza kupiga mabati, uzito uliondoka. Shuka ilikuwa imelowa.

Hakumwambia Maurice. Lakini Jumamosi Maurice, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa nyumbani, na saa tisa alitoka chumbani akiwa ameshika chaja ya simu.

"Ni nani anakunywa?" aliuliza. "Kuna paka hapa?"

Tryphosa alikuwa amekaa kwenye kochi, kiwiko juu, macho ameyafumba.

"Mama Naomi?"

Maurice alisogea, akasikia sauti inatoka wapi. Chaja ikamwanguka.

Kesho yake baada ya ibada alileta kina mama sita wa maombi. Kiongozi wao alikuwa Mama Seline, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliyajua hayo mambo, alisema. Hilo ni jini, limependa kifua cha kununua, limejifanyia kitanda. Wakamzunguka, wakamwekea mikono.

"Toka! Toka, wewe mchafu! Toka, mnyonya damu!"

Ndipo nyumba nzima ikasikia kilio. Si cha jini. Kilikuwa kilio chembamba cha mtoto mchanga anayetishwa na sauti kubwa, na kilitoka kwenye blauzi ya Tryphosa.

"Msimkemee!" Tryphosa alipiga kelele, akakumbatia kifua chake kwa mikono miwili. "Msimkemee, amefanya nini? Ni mdogo!"

Kina mama waliondoka mmoja mmoja bila kunywa chai. Maurice alibaki amesimama mlangoni, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Alikuwa amekitambua kile kilio. Yeye ndiye aliyekisikia mara ya mwisho.

Jumatatu Tryphosa alikwenda kazini akiwa amejifunga leso mbili chini ya blauzi. Linah alikuwa ametumwa benki. Aliingia mama mmoja wa Kapseret aliyezoea kununua hapo, Mama Chepkorir, mwenye ng'ombe saba na mikono mipana iliyokamua tangu utotoni. Alitaka dawa ya kiwele. Tryphosa aliponyoosha mkono kuichukua rafuni, mama akainua pua.

"Msichana wangu. Ni wewe unanuka maziwa ya siku ya kwanza."

Tryphosa akaanza kulia hapo hapo kaunta. Akamweleza yote kwa sauti ya chini: mtoto, vidonge, kliniki, homa, kunyonya. Mama Chepkorir hakushangaa wala hakujifanya anashangaa. Aliweka ile dawa chini.

"Ng'ombe akifiwa na ndama, anazuia maziwa. Unajua tulikuwa tunafanya nini?"

"Hapana, Mama."

"Tunachuna ndama. Ngozi tunaijaza nyasi, tunaisimamisha mbele ya mama yake. Anairamba, anadanganyika, anaachilia maziwa." Akamtazama Tryphosa kifuani. "Sasa wewe umefanya kinyume. Ndama ndiye alikuwa amekwenda, na njaa yake. Ukajaza ngozi ya mama, ukaisimamisha aione. Kwa nini asirudi?"

Tryphosa akajishika kifua kwa mikono miwili.

"Na hatashiba, kwa sababu hapo hakuna kitu. Atavuta hadi akumalize. Si kwa ubaya, ni njaa."

"Nifanye nini?"

"Toa nyasi. Mwache daktari afanye kazi yake. Halafu uende pale alipolazwa, umkamulie yaliyobaki, juu ya udongo. Mwambie ukweli, kwamba ilikuwa ngozi tu." Akamwinamia kwenye kaunta. "Lakini kwanza uniambie. Kuna mwingine aliye karibu na wewe amejazwa hivyo? Ndama mwenye njaa akifukuzwa hapa ataangalia pale. Kama yuko, mtolewe nyasi pamoja."

Mlango ulifunguka. Linah aliingia akipangusa matone ya mvua kwenye nywele, akacheka, akasema, "Shikamoo Mama, ng'ombe hawajambo?"

Tryphosa akamtazama Linah. Akakumbuka basi, na mkono wake ulioshikwa, na gauni.

"Hakuna, Mama," alisema. "Ni mimi peke yangu."

Upasuaji ulifanyika Ijumaa hiyo. Daktari alisema wangechelewa siku mbili tu wangekuwa wanaongea mengine. Wiki iliyofuata Maurice alimpeleka Turbo na lori, akamwonyesha mahali, nyuma ya shamba la mahindi, mawe matatu yaliyofunikwa na majani. Akaenda kusimama mbali.

Tryphosa alipiga magoti. Kifua chake kilikuwa bapa chini ya bandeji, na kilimuuma kila alipopumua. Saa tisa alifungua vifungo, akasogeza bandeji. Yalitoka matone saba au manane, ya manjano, mazito. Udongo uliyanywa mara moja.

"Ilikuwa ngozi tu," alinong'ona. "Mama hakuwa na kitu. Nisamehe. Nenda ulale."

Harufu ya maziwa ilikatika kama mtu aliyefunga mlango. Jioni hiyo homa ilishuka, na kwa siku ishirini alilala, akala, akamsuka Naomi nywele, akaoga. Kioo alikitazama tena. Makovu yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa yake.

Aliporudi kazini Linah hakuwa kaunta.

"Yuko stoo," alisema mwenye duka. "Siku hizi ikifika hii saa anajifungia huko. Harusi imemvuruga akili."

Tryphosa alitazama saa ya ukutani. Akatembea polepole kati ya magunia ya chakula cha kuku. Harufu ilimpokea kabla hajafika: maziwa, poda, spiriti.

Linah alikuwa amekaa juu ya gunia, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda. Blauzi yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho.

"Trypho," alinong'ona, meno yakigongana. "Niambie haya ni mambo ya dawa tu. Sijawahi kuzaa mimi. Niambie huyu ni nani."

Kulikuwa na kumeza ndani ya ile stoo, kwa haraka, kwa pupa. Kisha kikohozi kidogo kama cha paka.

Tryphosa alijua cha kusema. Kumpigia daktari, kumwita Mama Chepkorir, kumwambia Linah kwamba kwa ajili ya gauni na kiapo alidanganya pale kaunta. Maneno yote alikuwa nayo. Lakini makovu yake yalianza kuwasha, na kilichomjia hakikuwa hofu, kilikuwa wivu. Mtoto hakugeuka. Alikuwa amemsahau.

Alichuchumaa karibu na Linah, akanyoosha mkono.

"Inua kiwiko kidogo," alisema kwa upole. "Akilala chali anapaliwa."