Picha Iliyoondolewa Ukutani

"Sasa mwanangu, Yesu yuko wapi hapo?" mzee wa kanisa aliuliza, kichwa akikilaza huku na huku mbele ya picha.

Mchoraji alitabasamu kwa adabu tu. Picha ilikuwa weusi mtupu, rangi juu ya rangi, na pembeni njano kidogo, nyembamba kama mwanga unaopenya chini ya mlango. Angemwelezaje? Tangu mama yake afariki, sala zilimkaukia mdomoni. Akifumba macho aliona giza, basi giza hilohilo ndilo alilompelekea Mungu kwa brashi. Akapaka na kupaka, mpaka siku moja mkono wenyewe ukachovya njano. Hapo akajua amesikiwa.

Picha hiyo aliitoa kwa kanisa. Mchumba wake, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyeitundika ukutani madhabahuni kwa mikono yake. Harusi ilikuwa mlangoni, na wangefungia ndoa mbele ya ukuta huohuo.

Jumapili iliyofuata alikuta ukuta mtupu. Picha ilikuwa stoo, imesukumwa nyuma ya viti vibovu. Lawama zote akawatupia wazee, hadi mama mchungaji alipomvuta kando na kumwambia, kwa huruma, kwamba wazee walishaizoea. Aliyeomba iondolewe ni mwalimu wa kwaya.

Aliibeba mwenyewe hadi chumbani kwake. Akamtumia mchumba wake ujumbe: "Njoo. Nataka niyasikie kwako."

Mwalimu alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Aliulizia afya, akaulizia kazi, maneno madogomadogo yakaisha. Ndipo akasema dada zake waliiona picha wakacheka, wakauliza kama bibi harusi ana akili timamu.

"Nilitaka siku yetu ipite bila maneno ya watu," alisema. "Baadaye ningeirudisha."

"Ulijua kwamba ile ni sala yangu?"

"Nilijua. Uliniambia."

Laiti angesema hakujua.

"Umeionea aibu sala yangu," mchoraji alisema taratibu. "Siku nikizidiwa na kilio mbele ya ndugu zako, mimi utanificha wapi?"

Mwalimu aliinama. Hakutunga jibu la uongo; kwa hilo mchoraji alimheshimu. Akavua pete yake ya uchumba, akaiweka kiganjani mwa mwalimu, kisha akamfumbia vidole, kimoja baada ya kingine, kama anayemlaza mtoto.

Alisikiliza viatu vikishuka ngazi. Bado alimpenda, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Alifungua mdomo amwite, akaufumba tena.

Chumba kilionekana kikubwa kuliko asubuhi. Akapiga magoti sakafuni, mikono mitupu, akalia mpaka akatosheka. Aliomba mengi jioni ile. Hakumwomba Mungu amrudishie mchumba.