Picha za Daraja

Mwenye duka la viatu ndiye aliyemkuta. Jumapili asubuhi alifungua mlango wa nyuma wa jengo, akamwona mpiga picha mzee amelala chini ya ngazi za studio yake, mwili umeshapoa. Daktari alisema mzee hakuteleza. Kifuani palikuwa na alama ya kusukumwa, na alikufa Jumamosi, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku.

Kesi alipewa inspekta ambaye wenzake kituoni walimwita Polepole. Jina lenyewe halikuwa la sifa, naye alishalizoea. Lakini kabla hajamaliza hata kuikagua ile studio, wakubwa wake walishamweka ndani binti wa marehemu. Majirani walimsikia akigombana na baba yake Jumamosi alasiri, wakamwona akitoka analia, na hakuwa na shahidi wa alikokuwa baadaye. Wakubwa waliridhika. Polepole hakuridhika.

"Nilimwambia apunguze kazi, aje akae kwangu," binti alimweleza Ijumaa asubuhi. "Akanijibu mimi si mama yake. Ndiyo yakawa maneno yetu ya mwisho, afande. Na kesho saa nane wanamzika. Hata udongo sitamtupia?"

Polepole aliiandika saa hiyo kwenye daftari lake.

Mchana akamwita mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Naye alikuwa mpiga picha, tena mwenye tuzo mpya. Aliingia kamera ikining'inia shingoni na huzuni ya kutosha usoni.

"Jumamosi jioni ulikuwa wapi?"

"Darajani, ng'ambo ya mji. Nilikuwa napiga picha za taa. Hizi hapa."

Kweli zilikuwepo, na tarehe ya Jumamosi, saa moja na dakika kumi jioni. Zilikuwa nzuri ajabu. Kwenye kiza kile hata nyaya za daraja zilionekana mmoja mmoja.

"Kamera yenyewe mbona kama ya zamani?" Polepole aliuliza, basi tu, mazungumzo yasilale.

Mpwa akachangamka kwa mara ya kwanza. "Ina miaka kumi na miwili! Wengine wangeshaitupa. Lakini walioitengeneza ni watu kweli, afande, hawajaitelekeza. Juzi Jumatano wametoa programu mpya ya kuiendesha. Zamani ilikuwa inasumbua kulenga kwenye mwanga hafifu, picha zinatoka na ukungu. Sasa hivi, we acha tu!"

"Umeshaiweka?"

"Siku hiyo hiyo."

Akaacha kadi ya picha mezani bila wasiwasi, akaaga.

Polepole alibaki akizitazama zile nyaya. Kamera iliyokuwa inasumbua kwenye mwanga hafifu ilizipataje Jumamosi? Akaifungua kadi kwenye kompyuta na kusoma maelezo ambayo kamera huyahifadhi ndani ya kila picha: tarehe, lenzi, na toleo la programu iliyokuwemo wakati wa kupiga. Picha za mwezi uliopita zilikuwa na toleo la zamani. Za darajani zilikuwa na jipya. Akaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, akahakikisha: toleo hilo halikuwepo popote kabla ya Jumatano.

Jumamosi asubuhi mpwa aliletwa kituoni akiwa tayari amevaa suti ya mazishi.

"Si nilikwambia niliiweka programu?" alisema. "Ndiyo maana zinasoma hivyo."

"Programu mpya haigusi picha zilizokwisha kupigwa. Za mwezi jana ziko kwenye kadi hiyo hiyo, mbona hazikubadilika? Wewe ulirudisha nyuma tarehe ya kamera, ukaenda darajani wiki hii."

Mpwa akainamisha kichwa.

"Ungepiga kwanza, programu ukaiweka baadaye, mimi ningekuwa bado nahangaika," Polepole alisema. "Ulikuwa na haraka gani?"

"Zingetoka mbaya," alijibu kwa sauti ndogo. "Siwezi kumwonyesha mtu picha mbaya."

Baada ya hapo hakuficha kitu. Picha iliyompa tuzo ilikuwa ya mjomba wake, aliichomoa kwenye kabati la studio akaiita yake. Mzee alipoitambua alimtaka aungame mwenyewe mbele ya watu, la sivyo angemsemea. Siku ile alikwenda kumbembeleza. Mzee akakataa, akamzibia njia pale juu ya ngazi.

"Nilimsukuma anipishe tu. Sikutaka aanguke."

"Na dada yako ukamwacha ndani wiki nzima."

"Nilijua watamwachia."

"Nani alikwambia?" Polepole aliuliza, na safari hii hasira yake ilionekana waziwazi.

Akamtoa binti mahabusu mwenyewe, akamweleza yote garini. Walipofika makaburini, jeneza lilikuwa bado halijateremshwa. Baadhi ya ndugu wakageuza nyuso. Aliyemsogelea alikuwa shangazi yake, mama wa yule mpwa, macho yamevimba kwa kulia.

"Wamekuachia, mwanangu? Afadhali. Na mwenzio yuko wapi? Katoka tangu asubuhi, simu hapokei, na yeye ndiye wa kumbeba mjomba wake."

Binti alimtazama. Njiani kote alikuwa akiyapanga maneno ya kuwatupia watu hawa, na sasa yote yalikuwa mdomoni. Akayameza, akaushika mkono wa shangazi yake kwa nguvu.

"Tumzike kwanza baba, shangazi," alisema. "Halafu nitakupeleka aliko."

Shangazi akamtazama, akamtazama na inspekta aliyesimama nyuma yake. Akamwegemea binti begani, wakasogea pamoja hadi kaburini.