Mwanamume wa Albamu ya Tatu

"Dada, samahani, huo wimbo unaweza kuuzima?"

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi na duka la dobi lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Kila mtu alidai nguo yake ya harusi ya kesho, na mvuke wa pasi ulikuwa umewalowesha hata waliokuja wakavu. Msichana wa kaunta, ndani ya sare yake ya buluu yenye mikunjo mikali ya kukatia mkate, hakuinua hata uso.

"Hiyo ni albamu ya tatu ya Chiriku, na hapa haizimwi. Nguo yako ni ipi?"

"Koti la kijivu. Na huyo Chiriku wenu ni mwongo."

Pasi ikasimama. Shangazi yake, mwenye duka, aliyekuwa nyuma ya cherehani akishona vifungo, alitoa uzi mdomoni akacheka. "Umechokoza nyuki, kaka. Usije ukasema hukuambiwa."

"Mwongo kivipi?" msichana aliuliza. "Umeisikiliza, au umeisikia kwa jirani?"

"Nimeisikia vya kutosha."

"Basi simama hapo uisikie tena. Koti lako halijakauka."

Koti lilikuwa limekauka tangu jana. Lakini kijana alikuwa mrefu, na miwani yake ilikuwa safi mpaka unasahau kuwa ina vioo, na msichana alitaka kubishana na mtu wa namna hiyo kidogo zaidi. Akamweleza, huku akipiga pasi kola za watu. Albamu ya kwanza ni gitaa na kidonda tu, ndiyo maana inauma. Ya pili Chiriku alikuwa ameshapata pesa, akajaza tarumbeta, maneno yakazama. Ya tatu aliwafukuza wapiga tarumbeta wote akabaki na hasira yake kwa mwanamume aliyemwacha. "Hakuna mtu aliyewahi kumchukia mwanamume vizuri kiasi hicho," alimalizia.

"Kwani kuchukia vizuri nako ni sifa?"

"Alistahili. Siku akiingia hapa nitampiga pasi akiwa ndani ya shati lake."

Kijana akacheka, ingawa alionekana hakutaka. Alikuwa fundi miwani, duka lake mtaa wa pili. Alipoondoka na koti lake, kila mmoja alikuwa ameshampa mwenzake jina.

Simu zikaanza.

"Umekula, Dobi?"

"Nimekula mvuke."

"Nikuletee nini?"

"Jilete mwenyewe, Miwani wangu. Ila ukija na maneno yako juu ya Chiriku, utalala na njaa."

Akawa anakuja kila Jumapili, katika chumba cha msichana juu ya duka, amevaa shati jeupe ambalo msichana mwenyewe alilinyoosha. Walikunywa chai, wakataniana, wakashikana mikono kama watu wenye nusu ya umri wao. Jumapili moja, chai ilipokwisha, Miwani alisimama, akaosha kikombe chake kwenye sinki, akakikausha, akakifunika rafuni. Kikombe cha mwenyeji wake akakiacha pale pale mezani.

*Aliosha kikombe chake, changu akakiacha mezani.* Wimbo wa nne, albamu ya tatu. Dobi alikuwa ameuimba juu ya mashati ya mji mzima.

"Ni wewe," alisema.

Miwani hakuuliza ni yeye nani. Alirudi akaketi. "Nilitaka kukuambia."

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu, na hilo ndilo lililomuudhi. Mapenzi yaliisha tu, kama sabuni inavyoisha. Nikaondoka. Sikujua nitapigiwa gitaa miaka yote hii."

Alingoja kufukuzwa. Badala yake aliona macho ya mpenzi wake yanang'aa. "Na mlango wa kwenye wimbo? Kweli uliuacha nusu wazi?"

"Bawaba ilikuwa mbovu."

"Alilia pale pale, au baada ya wewe kutoka?"

Kipenda roho hula nyama mbichi. Miwani aliyachukua maswali hayo kuwa ndiyo msamaha, akayajibu yote, na kuanzia siku hiyo akawa anaosha vikombe viwili. Dobi alimshukuru. Lakini ukweli usemwe: kila alipomwona amesimama pale sinkini na vikombe viwili, alijihisi kama mteja aliyeleta kitambaa cha rangi kali akarudishiwa kimepauka.

Kisha ikatoka albamu ya nne. Chiriku alikuwa ameolewa na mtu mpole mwenye shamba, na sauti yake ilikuwa imenenepa.

"Wimbo mzima kuhusu miche ya nyanya," Dobi alilalamika.

"Tamu hii," alisema shangazi. "Mtu amepona."

"Huo ndio msiba wenyewe, shangazi."

"Msiba ni wako. Fundi wa watu anakuja na shati jeupe kila Jumapili, wewe unamlilia mke wa mtu. Huyo Chiriku ndiye atakayekuoa?"

Jumapili iliyofuata Miwani alikuja na pete ndani ya kifuko cha miwani. Hakupiga magoti. Aliiweka mezani kati ya vikombe, akasema, "Mimi si mtu wa maneno, Dobi. Maneno yangu yote aliyamaliza yule. Nataka kuishi na wewe."

Dobi alimpenda, hilo tusimnyime. Moyo ulimwenda mbio, na mkono ulikuwa tayari umekifikia kifuko kile.

"Nakubali," alisema. "Ila kwanza kuna kitu kimoja. Jumamosi Chiriku anaimba ukumbini hapa mjini. Nenda kamwone. Mwombe msamaha, mpe tumaini. Halafu uondoke tena, kama ulivyoondoka siku ile."

Miwani alicheka, akaona anacheka peke yake. "Unatania."

"Anaimba nyanya, Miwani. Sauti ile."

"Ana mume."

"Ndiyo maana nasema kidogo. Muumize kidogo tu. Wewe hujui unachoweza, ulimpa albamu tatu."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na uchafu. "Nilidhani unanipenda pamoja na nyimbo zile."

"Nakupenda."

"Unapenda nilichomfanyia mwenzako."

Alirudisha kifuko mfukoni. Akasimama, akaosha kikombe chake, akakikausha, akakifunika rafuni. Cha Dobi kilibaki mezani. Alipotoka hakuufunga mlango, na bawaba za mlango ule zilikuwa nzima. Na Dobi, Mungu amsamehe, kabla hajaelewa kwamba ameachwa, alisisimka mwili mzima, jinsi alivyosisimka siku ya kwanza kuusikia wimbo ule.

Wiki nzima simu ya Miwani iliita bila kupokewa. Jumamosi Dobi hakwenda ukumbini. Alijiambia kuwa Miwani yuko huko na kwamba asimharibie. Jumapili asubuhi Miwani akapiga mwenyewe.

"Nimekwenda. Nimemwomba msamaha, wa kweli, mumewe akiwa ameketi pale pale."

"Akalia?"

"Hilo ndilo swali lako?"

"Mpenzi, nauliza tu."

"Aliniuliza kwa nini nimekuja sasa. Nikamwambia kila neno ulilosema. Hakulia. Alicheka sana, halafu akaomba kalamu."

"Miwani, rudi tuzungumze. Pete nitavaa leo hii."

"Koti langu la kijivu nililoleta tena kufuliwa bado liko kwenu. Mpeni mwenye kulihitaji."

Dobi alipokwenda mtaa wa pili kumtafuta, alikuta mtu anabandua picha za miwani kwenye kioo ili abandike za simu. Fundi alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda. Dobi alilia njia nzima ya kurudi. Koti halikupewa mtu.

Albamu ya tano ilitoka mwaka uliofuata, mwishoni mwa mwezi, duka limejaa. Dobi alikuwa na desturi ya kusikiliza kila albamu ya Chiriku kwa mara ya kwanza akiwa kazini, pasi mkononi, na hakuivunja. Nyimbo za mwanzo zilipita. Wa mwisho ulikuwa gitaa tupu, kama zamani. Ulimhusu mwanamke wa sare ya buluu aliyewekewa pete mezani, akasema alipwe kwanza machozi ya mtu. *Muumize kidogo tu*, kilisema kiitikio, na kilipofika mara ya pili, wateja walikuwa wameshaanza kuitikia.

"Mwanamke gani huyo?" alisema mama mmoja mwenye gauni begani. "Hana mama?"

Cherehani ilinyamaza. Shangazi alimtazama mpwa wake, akaitazama sare yake ya buluu.

Dobi alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote, akitafuta tarumbeta iliyozidi au neno lililolala. Hakukuwa na neno lililolala. Huu ulikuwa wimbo bora kuliko zote katika albamu tano, na kwa huu hakuna ambaye angeweza kusema kuwa Chiriku ni mwongo. Machozi yalimdondoka juu ya shati la mteja, na pasi ikayakausha.

"Dada," aliita mtu kutoka mlangoni, "hebu ongeza sauti."

Akaongeza.