Nihal na Chuo cha Masista

"Haki ya Mungu, ni kweli tupu!" Mzee Lugembe aliapa, kidole juu. "Msichana akiingia kwa masista hatoki. Wanamnyoa, wanambatiza. Mwaka wa tatu ni sista kamili!"

Kitumbua kiliungua. Fakhria alikuwa akipika barazani kwake, Tabora mjini, kama kila asubuhi. Lugembe, mstaafu wa reli, alikuwa mteja wake.

Nihal, binti wa Fakhria, alikuwa amepata nafasi ya kusomea ushonaji katika chuo cha masista. Asiporipoti Ijumaa, nafasi angepewa mwingine.

"Mama, mzee anatania," alisema Nihal.

"Ameapa. Mtu mzima haapi bure. Huendi."

Siku hiyo Nihal hakula.

Jumatano alipita Sista Agnetha wa chuo kile. Alikuwa akienda kumfunga kidonda bibi mmoja mgonjwa wa mtaa ule. Fakhria alimsimamisha.

"Sista, ni kweli mnawabatiza watoto wa watu?"

"Nani kasema?"

"Mzee Lugembe. Tena kwa kiapo. Nimemkataza Nihal asije kwenu."

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtani wangu huyo! Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Makabila yetu yanataniana tangu siku za misafara ya pwani. Ananichokoza mimi, wewe unamfungia mtoto ndani!"

"Sasa nimwamini nani?"

"Usimwamini yeye, wala mimi. Njoo uone."

Kesho yake Fakhria alikwenda. Alikuta wasichana kwenye cherehani, baadhi wamevaa hijabu. Mmoja wao, Maua, alikuwa mwaka wa pili.

"Wewe Mwislamu?" Fakhria aliuliza.

"Ndiyo, mama. Naswali sala zangu tano. Ijumaa tunakwenda msikitini. Wenzetu wanakwenda misa. Halazimishwi mtu."

"Na usista?"

Sista Agnetha alijibu. "Usista mtu anauomba mwenyewe, naye awe Mkatoliki. Anafundwa miaka mingi kabla ya kuweka nadhiri. Mimi walinirudisha nyumbani mwaka mzima nifikiri tena! Kazi yetu ni kumpa msichana elimu na ufundi, na kumsaidia mgonjwa. Dini yake hatuigusi."

Fakhria alipapasa gauni lililoshonwa na Maua. Mshono ulikuwa umenyooka.

Ijumaa asubuhi sanduku la Nihal lilikuwa barazani. Sista Agnetha pia. Lugembe alipowaona, alitaka kugeuza njia.

"Mzee, shikamoo," aliita Fakhria. "Zile habari ulizipata kwa nani?"

"Marahaba. Kwa mtu wa Kaliua."

"Nani huyo?"

"Marehemu sasa."

"Mtani, umeshikwa," alisema Sista. "Toa faini."

"Nitaleta kuku."

"Kuku hatoshi. Sanduku hilo, kichwani, mpaka chuoni."

"Bajaji zimejaa mjini!"

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwetu. Sanduku la mtoto litakushinda?"

Majirani walicheka. Lugembe alisokota kanga ya Fakhria, akaiweka utosini, akajitwisha.

"Na kila nyumba uliyoipelekea uongo ule," aliongeza Fakhria, "simama, useme ulidanganya."

Zilikuwa nyumba kumi na moja. Kwenye kila mlango Lugembe alisimama na mzigo kichwani, akasema, "Nilidanganya. Masista hawambatizi mtu kwa nguvu." Katika nyumba ya tisa, baba mmoja alimwita binti yake aje asikie.

Walifika saa sita. Nihal aliandikishwa. Lugembe aliomba maji.